Ubishi wa Bendi za Miaka ya Sabini

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwangu ni kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Tengeru, mahali ambapo kahawa na migomba hukaa pamoja katika shamba moja. Nilianza kufundisha mwaka 1979, nikastaafu mwaka 2018. Sasa nafundisha darasa la kisomo hapa kijijini, jioni mbili kwa wiki. Wanakisomo ni 17. Wengi ni wazee wa rika langu waliokuwa wamesahau kusoma. Wachache ni akina mama vijana ambao hawakupata shule. Tunatumia chumba cha darasa la tatu. Madawati ni ya watoto, kwa hiyo magoti yetu hugonga mbao kila tunapoinuka.

Siku moja nilitaka kuwafundisha kuandika sababu. Kusema sababu ni rahisi, kila mtu anajua kusema. Kuiandika ni kazi nyingine. Nikatafuta jambo jepesi la kuandika. Siasa sikutaka. Mipaka ya mashamba sikuthubutu, maana darasani mwangu wamo wawili wanaoshtakiana kwa ajili ya mstari wa masale. Mwisho nikaandika ubaoni: "Bendi gani ilikuwa sauti ya miaka ya sabini? Taja moja tu. Andika kwa sababu gani."

Nilifikiri tungemaliza kwa nusu saa. Tulimaliza baada ya wiki tatu.

Kabla hawajashika kalamu walianza kutaja majina. Niliyaandika ubaoni kadiri yalivyokuja: Nuta, Morogoro, Western, Tabora, Safari Trippers, Afro 70, Urafiki, Vijana, Maquis. Ubao ulijaa. Wale akina mama vijana walishangaa. Mmoja aliniuliza, "Bibi, bendi zote hizo zilikuwa zinakula wapi?"

Lilikuwa swali zuri, nikalijibu taratibu. Katika miaka ile bendi nyingi hazikuwa mali ya wapigaji. Nuta Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jina lake lilikuwa jina la chama hicho. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Jeshi lilikuwa na bendi, Polisi walikuwa na bendi, hata Magereza. Mpiga gitaa alikuwa mfanyakazi kama karani. Alipokea mshahara mwisho wa mwezi. Gitaa halikuwa lake. Akiondoka, gitaa linabaki.

Tena kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Nuta walipiga Msondo. Western walipiga Saboso. Tabora walikuwa na Segere Matata, na Safari Trippers, bendi ya Marijani Rajabu, walikuwa na Sokomoko. Mtu alisema "mimi ni wa Msondo" kama leo anavyosema yeye ni wa Simba au wa Yanga.

Tukaweka kanuni. Mzee mmoja alimtaja Salum Abdallah wa Cuban Marimba. Wote tulimheshimu Salum, lakini alifariki mwaka 1965, kabla ya miaka tunayoisema. Mwingine alimtaja Franco. Franco alipendwa sana huku kwetu, lakini alikuwa mtu wa Zaire, nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi walisema tuchague wa kwetu. Yule mzee hakuridhika. Alisema kwamba alipocheza dansi na marehemu mkewe hakumwuliza Franco pasi ya kusafiria. Nikamwambia ayaandike hayo hayo kwenye karatasi yake.

Dereva mmoja wa zamani, aliyeendesha malori ya kahawa, alisimama akasema ubishi wenyewe hauna haja. "Mwalimu ameuliza miaka ya sabini. Bendi inaitwa Afro 70. Mnataka nini tena?" Darasa lilicheka. Lakini hakuwa anatania tu. Afro 70 ilikuwa bendi ya Patrick Balisidya, mtu wa Dodoma, na mwaka 1977 ndiyo iliyopelekwa Lagos, Nigeria, kuiwakilisha Tanzania katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi wa dunia nzima. Kama serikali yenyewe iliwachagua, alisema, sisi ni nani tubishe?

Halafu akasimama mama mmoja anayekaa karibu na dirisha. Ana miaka zaidi ya 70, na marehemu mume wake alikuwa mzee wa kanisa. Alisema, "Mimi dansini sikuenda hata siku moja. Nyumbani kwetu muziki wa dansi ulikuwa dhambi. Miaka ya sabini mimi nilisikia kwaya. Je, mimi sikuishi miaka hiyo?"

Hapo nilinyamaza kidogo. Huku Meru nyumba za namna ile zilikuwa nyingi, na mimi nilizisahau nilipoandika swali langu. Nilimwambia aandike kwaya. Nilifuta neno "bendi" ubaoni, nikaandika "bendi au kwaya". Ni yeye aliyesahihisha swali la mwalimu siku ile.

Siku ya pili ya ubishi ilikuwa ya Nuta. Mtetezi wao alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha matairi mjini Arusha. Alizungumza kama aliye mkutanoni. Alisema miaka ya sabini ilikuwa miaka ya mashirika na viwanda. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na baada yake kila kitu kikawa cha umma: mabenki, mashamba makubwa, maduka ya jumla. "Na muziki pia," alisema. "Nuta ilikuwa bendi ya wafanyakazi. Muhidini Gurumo akiimba, mimi nilijua huyu ni mwenzangu, ana kadi ya chama kama mimi." Halafu akaongeza kwamba bendi ile haikufa. Ilibadilika jina ikawa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma.

Kijana mmoja wa kike alimwuliza kama ni vizuri mwanamuziki kuwa mwajiriwa wa chama. Je, aliweza kuimba anachotaka? Mzee alifikiri, akasema kwamba waliimba sana habari za mapenzi na za nyumbani, na kwamba mashairi yalikaguliwa kwanza kabla ya kurekodiwa redioni. Hakusema kama ni vizuri au vibaya. Mimi naona palikuwa na hasara na faida. Hasara mnaiona wenyewe. Faida ni kwamba mtoto wa mkulima aliyejua kupiga gitaa, asiye na fedha ya kulinunua, aliweza kulipata.

Sasa nieleze habari za kaka yangu, maana bila yeye ubishi huu ungeisha siku hiyo.

Kaka yangu amenizidi miaka 6. Shamba lake liko ng'ambo ya mfereji, mkabala na langu. Yeye anajua kusoma tangu zamani. Darasani alikuja kwa sababu ya simu yake na kispika chake kidogo, ambavyo vina nyimbo zote za zamani. Nilimwomba atupigie nyimbo ili watu wakumbuke. Alikuja amevaa koti, akaketi mbele kama mgeni rasmi.

Alikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe. Ukimsikiliza akieleza utafikiri alikuwa ndugu yake. Alisema Mbaraka ndiye aliyeubeba muongo wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1970 alikwenda Osaka, Japani, na Morogoro Jazz, kupiga kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Alitunga, akaimba, na gitaa la solo alilipiga mwenyewe. Na Januari 1979 alikufa katika ajali ya gari, Mombasa. "Muongo ulikuwa unakwisha, na yeye akaenda nao," alisema kaka. Halafu alibonyeza simu. Gitaa lile lilipoanza, yule dereva wa malori alifumba macho. Hata mama wa kwaya aligonga dawati kwa kidole kimoja, nadhani bila kujua.

Mimi ni mwalimu, nilipaswa kuwa katikati. Lakini nami nina bendi yangu. Niliwaambia: kama mnatafuta sauti ya miaka ya sabini kwa watu wa huku, kati ya Meru na Namanga, basi ni Simba Wanyika.

Sikilizeni habari zao. Wilson Kinyonga na mdogo wake George walitokea Tanga, na huko walipiga katika Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz. Ndiyo, hapa hapa mjini kwetu. Mwaka uliofuata walivuka kwenda Kenya, na huko wakajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na wimbo wao "Sina Makosa" ulisikika Afrika Mashariki yote. Katika bendi hizo Watanzania na Wakenya walipiga pamoja, na lugha yao ilikuwa Kiswahili chetu.

Kwa nini walivuka? Sababu ni nyepesi. Tanzania hapakuwa na kiwanda cha santuri. Redio Tanzania ilirekodi nyimbo kwenye kanda na kuzipiga hewani, lakini santuri za kuuza zilitengenezwa Nairobi. Mpigaji aliyetaka santuri yake iuzwe alitazama kaskazini.

Na si wapigaji tu. Kaka yangu naye alitazama kaskazini.

Mwaka 1970 kaka alikuwa na miaka 18. Jumamosi moja alitembea kwa miguu hadi Arusha mjini, akaingia kwenye ukumbi, akawaona Arusha Jazz. Alirudi alfajiri, viatu mkononi. Kwa mwezi mzima alitusimulia magitaa yale. Ni yeye aliyenifanya niwapende watu wale kabla sijawasikia. Mwaka 1974 aliondoka kwenda Nairobi kutafuta kazi. Siku zile lilikuwa jambo la kawaida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Arusha, na mtu alikwenda Nairobi kama anayekwenda Moshi.

Alituandikia barua. Mama alikuwa amejifunza kusoma katika kisomo kile kikubwa kilichoanza baada ya mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alizisoma barua za kaka polepole, kidole kikifuata mstari, na hakuruhusu mtu amsaidie.

Nyumbani tulikuwa na redio ya National ya betri. Mwaka 1973 watu walikusanyika uani kwetu kusikiliza kipindi cha "Mtu ni Afya". Kampeni ile ilihimiza kuchimba vyoo na kuchemsha maji, na choo chetu cha kwanza kizuri kilichimbwa mwaka ule. Kipindi kikiisha, watu wakiondoka, baba alibaki na redio. Betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na redio aliiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa.

Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa. Mwaka ule ule Jumuiya ilivunjika. Namanga, zaidi ya kilomita 100 tu kutoka Arusha, ikawa mbali kuliko Japani ya Mbaraka. Barua za kaka zilikoma. Machi 1978, masika yalipoanza, baba alifariki. Tulimpelekea kaka habari kwa mdomo, kupitia kwa mfugaji mmoja wa Longido aliyekuwa na jamaa ng'ambo. Kaka hakuja. Wengine walipita porini wakaja kuzika wazazi wao, nawajua. Yeye hakuja.

Ila Simba Wanyika walikuja. Maana yangu ni kwamba usiku redio ya Kenya ilisikika vizuri kwetu, mara nyingine kuliko ya Dar es Salaam. Mpaka ulifungwa kwa magari na watu, haukufungwa kwa sauti. Mwaka 1979, nilipoanza kazi, niliusikia "Sina Makosa" nikiwa peke yangu katika chumba cha mwalimu, taa ya chemli ikiwaka. Ni wimbo wa mapenzi, hauhusiki na misiba. Lakini jina lake lilinichoma. Nilimfikiria kaka, nikasema moyoni, una makosa.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya Rais Nyerere, Rais Moi wa Kenya na Rais Obote wa Uganda kukutana Arusha. Kaka alirudi mwezi uliofuata, kabla ya Krismasi. Mama alimpokea. Alipewa sehemu yake ya shamba, ingawa wajomba wawili walinung'unika kwamba aliyekwenda amekwenda. Tangu hapo tumekaa vizuri, tunasaidiana palizi na maji ya mfereji. Habari za msiba wa baba hatukuzungumza.

Basi, turudi darasani. Nilipomaliza kuwatetea Simba Wanyika, kaka alicheka, akanigeukia. "Mdogo wangu, hao waliondoka. Walikaa Arusha mwaka mmoja. Mtu aliyeondoka mwaka 1971 atakuwaje sauti ya watu waliobaki?"

Nikamjibu kwamba Mbaraka wake naye santuri zake zilitoka Nairobi, na kifo chake kilikuwa Mombasa. Watu walipiga makofi. Hapo ningekaa kimya. Lakini ulimi una haraka, nikaongeza: "Na hao walioondoka angalau sauti yao ilifika hapa. Wengine waliondoka, na sauti yao haikufika hata siku ya msiba."

Darasa lilinyamaza. Wazee wote walijua nasema nini. Kaka alizima simu yake. Alikikunja kile kiwaya cha kispika taratibu, akakitia mfukoni, akasema, "Haya, Mwalimu," akatoka. Hajawahi kuniita Mwalimu nyumbani wala njiani. Sikuweza kuendelea na somo. Tulinakili tarehe tukaondoka.

Wiki ya pili hakuja darasani. Kwenye mfereji tulisalimiana, naye alinifungulia maji zamu yangu ilipofika, kama kawaida. Nilitaka kuomba radhi, lakini nilijiambia kwamba nimesema kweli. Mambo haya mawili yalipigana ndani yangu wiki nzima, na bado nilikuwa natafuta maneno wiki ya tatu ilipoanza.

Wiki ya tatu ilikuwa ya kuandika. Kaka alikuja, akaketi nyuma kabisa. Niligawa vikaratasi kwa wote, na yeye nikampa kimoja. Nilisema hakuna kuandika jina la mwandishi. Andika bendi au kwaya, kisha maneno "kwa sababu", kisha sababu. Kwa muda wa nusu saa zilisikika kalamu tu, na mvua juu ya bati. Wengine waliandika maneno manne kwa jasho. Nilifurahi kuona hivyo kuliko nilivyofurahia ubishi.

Tuliviweka vikaratasi kwenye kikapu, nikaanza kuvisoma kwa sauti. Nitawapa baadhi, nikiwa nimesahihisha herufi tu.

"Morogoro Jazz kwa sababu nilioa mwaka 1972."

"Kwaya kwa sababu niliimba sauti ya pili."

"Franco kwa sababu ya mke wangu."

"Mbaraka kwa sababu siku alipokufa kondakta alisimamisha basi akatuambia."

"Simba Wanyika kwa sababu Mwalimu kasema." Huyu nilimwambia kwamba hiyo si sababu. Darasa likasema ni sababu, likahesabiwa.

Kikaratasi kilichofuata nilikifungua nikaanza kusoma bila kukitazama vizuri. "Nuta Jazz kwa sababu niliisikia Namanga, upande wa Kenya, mwaka 1978, katika hoteli ya chai." Hapo niliona mwandiko. Herufi g ina mkia mrefu unaorudi kushoto. Mwandiko ule niliuona kwenye barua ambazo mama alizisoma kwa kidole. Nilisita, lakini watu walikuwa wakisubiri, nikaendelea. "Ilikuwa Redio Tanzania. Baba alikuwa ameshazikwa. Nilikaa siku mbili nikarudi."

Nilikikunja. Hakuna aliyesema neno. Yule mzee wa kiwanda cha matairi, mtu wa Nuta, alivua kofia akaishika mapajani. Sikumtazama kaka. Nilichukua kikaratasi kingine nikasoma, na kingine, mpaka kikapu kikaisha.

Matokeo yalikuwa hivi. Kura zote, pamoja na ya kaka na yangu, zilikuwa 19. Mbaraka Mwinshehe na bendi zake mbili walipata 7. Nuta walipata 5. Simba Wanyika 3, kwaya 2, Afro 70 kura 1 na Franco kura 1. Mbaraka alishinda. Dereva wa malori alisema kura zimeibwa, tukacheka tena, na nilishukuru kwa kicheko kile.

Mimi kura yangu ilikuwa ya Simba Wanyika, na ningepiga tena leo ningewapa wao. Sijabadilika. Tena nasema kwamba waliompa Mbaraka ushindi hawakukosea. Ukitafuta mtu mmoja aliyependwa na nchi nzima, ni yeye. Lakini huyo huyo aliyemtetea Mbaraka kwa siku nzima, na simu mkononi, hakumpa kura.

Baada ya darasa mvua ilikuwa imekatika. Kaka alinisubiri mlangoni, tukashuka pamoja. Njia ilikuwa na utelezi, akanishika mkono mahali pa mawe. Tulipofika kwenye daraja la mfereji nikamwuliza, "Ulilala wapi Namanga?"

"Nyuma ya ile hoteli ya chai. Kwenye magunia." Alisema alifika akiwa na nia ya kupita porini usiku. Hakuwa na karatasi yoyote ya Kenya wala ya kwetu. Siku ile watu watatu walikuwa wamekamatwa, na mwenye hoteli alimwonya. Mlima Longido aliuona, uko pale pale. Jioni ya pili mwenye hoteli aliwasha redio, akazungusha, ikaangukia Dar es Salaam. Ulipigwa wimbo wa Nuta ambao baba alikuwa akiuongezea sauti. Nilimwuliza ni wimbo gani. Aliutaja, na ni kweli, baba aliuongezea sauti ule.

"Kwa nini hukutuambia ulifika?"

"Kufika Namanga si kufika," alisema.

Tulisimama pale. Maji yalikuwa mengi, yamechafuka kwa mvua. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu aliporudi mwaka 1983. Aliniuliza baba alizikwaje. Nani walichimba, nani walibeba, kama mvua ilinyesha, kama mama aliweza kusimama.

Nikamweleza yote, tangu asubuhi ile. Nilimweleza kwamba mvua ilinyesha usiku ikaacha alfajiri, kwamba udongo ulikuwa mzito, kwamba wajomba walibeba upande wa mbele na majirani upande wa nyuma, na kwamba loshoro ililetwa kutoka nyumba tano. Nilimweleza kwamba redio ilizimwa siku saba, na kwamba siku ya nane aliyeiwasha alikuwa mama.

"Aliweza kuiwasha?" aliuliza kaka.

"Ilimchukua muda," nikamwambia. "Hakuwahi kuigusa."